Kompyuta ya Yokohama na Jamvi la Karafuu



Hakuna mkulima wa karafuu asiyeijua khofu ya wingu la adhuhuri. Karafuu zimeshachumwa, zimeshachambuliwa, makonyo yametengwa upande wake, na majamvi yamejaa uani. Jua lawaka vizuri. Mara upande wa baharini kunaingia weusi, upepo unageuka, na nyumba nzima hutoka mbio, mkubwa kwa mdogo, kwenda kukunja majamvi. Ikiwa mvua ni ya kupita, hasara ni ndogo. Lakini ikiwa yashika siku tatu, nne, tano mfululizo, karafuu mbichi zilizorundikwa ndani hupata joto, huvunda, huingia ukungu na kupauka rangi. Kazi ya miezi, pamoja na ujira wa wachumaji uliokwisha kulipwa, hupotea ndani ya chumba kimoja.

Wengi wetu twaikumbuka vuli ya mwaka 2019. Kuanzia Oktoba mpaka Disemba mvua ilipiga Afrika Mashariki kwa nguvu isiyo ya kawaida, na mafuriko yakaingia katika miji na vijiji vya Kenya, Tanzania, Somalia na nchi nyingine za jirani. Aliyekuwa na karafuu juani mwaka ule hahitaji kukumbushwa. Lakini liko jambo ambalo wengi wetu hatukulijua wakati ule, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Miezi kadhaa kabla ya tone la kwanza la vuli ile kuanguka, huko Japani wataalamu walikwisha kupiga hesabu kwa kompyuta kubwa, na hesabu ikaonyesha kuwa Bahari ya Hindi itageuka mwaka ule, tena kwa nguvu.

Kompyuta za namna hiyo hazinunuliwi na mfanyabiashara mmoja, wala na chuo kimoja. Zilinunuliwa na serikali, kwa fedha za walipa kodi, ili wataalamu wazitumie kwa utafiti. Twataka leo kueleza mpango huo ulivyoanza, ulivyogharimu na ulivyofaa, na kwa nini faida yake yaweza kukatikia njiani kabla haijafika uani kwetu.

BAHARI YENYE NCHA MBILI

Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba mvua zetu zatoka baharini. Walisoma majira kwa pepo: kusi, kaskazi, na maleleji ya katikati. Jambo ambalo hawakuwa na njia ya kuliona ni joto la maji ya upande wa pili wa bahari, maelfu ya kilomita kutoka hapa, karibu na visiwa vya Sumatra na Java.

Kwa kawaida maji ya upande ule wa mashariki ndiyo yenye joto zaidi, na mawingu makubwa hujikusanya huko. Lakini iko miaka ambayo mambo hupinduka. Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kwenye pwani ya Sumatra, maji ya juu yenye joto husukumwa mbali, na maji ya baridi hupanda kutoka chini. Upepo wa mashariki nao huyasukuma maji ya joto kuja upande wa Afrika. Maji ya joto hutoa mvuke mwingi, mvuke huwa mawingu, na mawingu hutumwagikia sisi katika miezi ya vuli. Wakati huo huo Indonesia hukaa katika ukame na moto wa misitu.

Mwaka 1999 wataalamu wanne, Saji, Goswami, Vinayachandran na Yamagata, watatu asili yao India na wa nne Mjapani, waliieleza hali hiyo katika jarida la Nature. Waliipa jina la daipoli, yaani kitu chenye ncha mbili, kwa sababu ncha moja ya bahari hupata joto na ya pili hupata baridi. Walionyesha pia kwamba hali hii yaweza kutokea peke yake, bila ya El Niño ya Bahari ya Pasifiki. Mfano mkubwa ni mwaka 1961. Mwaka ule haukuwa wa El Niño, lakini vuli ya Afrika Mashariki ilikuwa kali hata maji ya Ziwa Victoria yakapanda zaidi ya mita 2 katika miaka iliyofuata. Mwaka 1997 El Niño na daipoli zilikuja pamoja, na wengi wetu twazijua mvua zake.

Basi kujua kuwa jambo lipo ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kulijua kabla halijaja, na hapo ndipo panapohitajika hesabu.

HESABU ISIYOKWISHA KWA MKONO

Ili kutabiri bahari na hewa, wataalamu huigawa dunia nzima katika vijisanduku, kama mtu agawavyo shamba katika vitalu. Kila kisanduku kina joto lake, unyevu wake, upepo wake na mgandamizo wake wa hewa. Kisha kompyuta hupiga hesabu: katika dakika chache zijazo, kisanduku hiki kitampa jirani yake joto kiasi gani, na upepo utaelekea wapi? Ikimaliza dunia nzima huanza tena kwa dakika chache nyingine, na nyingine, mpaka itimie siku, wiki, mwezi, miezi sita.

Visanduku vikiwa vikubwa, hesabu ni chache lakini picha ni ya kiwi. Visanduku vikiwa vidogo, picha yawa safi lakini hesabu zaongezeka kupita kiasi. Ukipunguza upande wa kisanduku kwa nusu, huongezi kazi mara mbili tu. Visanduku huwa mara nne kwa mapana na marefu, na hesabu za wakati nazo hazina budi kurudiwa mara nyingi zaidi.

Ndipo serikali ya Japani, kwa kupitia idara yake ya sayansi na teknolojia, ilipoanza mwaka 1997 mpango wa kujenga kompyuta moja kubwa kwa ajili ya kuisoma dunia. Mwaka huo ndio uliokuwa na mkutano wa Kyoto juu ya mabadiliko ya tabia ya nchi. Mashirika matatu ya serikali yalishirikiana: la safari za anga, la utafiti wa nguvu za atomiki, na la sayansi ya bahari liitwalo JAMSTEC. Kampuni ya NEC ikapewa kazi ya kuiunda. Mashine ikaitwa Earth Simulator, maana yake chombo cha kuigizia dunia, nayo ikaanza kazi Yokohama mwezi Machi 2002.

Ilikuwa na vichwa vya kupigia hesabu 5,120, vilivyounganishwa kwa maelfu ya kilomita za waya. Ilijengewa nyumba yake peke yake, upana mita 50 na urefu mita 65, yenye kinga dhidi ya mtikiso wa tetemeko la ardhi. Gharama yake ilikuwa makumi ya bilioni za yeni. Ilipopimwa, iliweza kupiga hesabu trilioni 35 na zaidi kwa sekunde moja, karibu mara tano ya kompyuta iliyokuwa ya kwanza duniani wakati ule, ambayo ilikuwa Marekani.

Trilioni ni neno jepesi kulitamka, basi na tulipime kwa karafuu. Mtu akikaa kuhesabu karafuu moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, itamchukua zaidi ya miaka 31,000 kufika trilioni moja. Kazi ambayo mashine ile iliifanya kwa sekunde moja, mtu yule angeifanya kwa zaidi ya miaka milioni moja.

Mtu aliyeupigania na kuuongoza mpango huu aliitwa Hajime Miyoshi. Alifariki Novemba 2001, miezi michache kabla ya mashine kumalizika. Sisi wenye mikarafuu twafahamu maana yake. Wengi wetu twachuma miti tuliyopandiwa na babu zetu, nao walijua walipokuwa wakichimba mashimo kwamba si wao watakaochuma zaidi.

SAA ZA MASHINE HUGAWIWA VIPI

Lililotuvutia sisi kama wanachama wa umoja si ukubwa wa mashine peke yake. Ni namna inavyogawanywa. Kompyuta ya serikali ni kama sakafu moja kubwa ya kuanikia inayotakiwa na watu wengi. Bila ya utaratibu, mwenye nguvu ataanika kila siku na mnyonge atangoja mpaka karafuu zake zivunde.

Japani walifanya hivi: mtaalamu aliyetaka kuitumia alileta maombi, akaeleza swali lake na hesabu anazohitaji, na kamati ikayachagua. Bahari na hewa zilipata fungu kubwa, lakini waliochunguza matetemeko ya ardhi na mambo mengine walipata sehemu yao pia. Wageni hawakufungiwa mlango. Wataalamu wa Uingereza, kwa mfano, walikwenda Yokohama kufanya kazi pamoja na wenyeji. Hesabu zilizofanywa huko ziliingia katika ripoti kubwa ya mwaka 2007 ya wataalamu wa dunia juu ya mabadiliko ya tabia ya nchi.

Wamarekani walishtuka walipoona wamepitwa. Mtaalamu wao Jack Dongarra, mmoja wa watunzaji wa orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu duniani, aliulinganisha mshtuko huo na ule wa mwaka 1957, Warusi walipotangulia kurusha Sputnik angani. Mwaka 2004 nchi yake ikatunga sheria ya kuhuisha kazi ya kompyuta kubwa. Wizara ya Nishati ya Marekani nayo ilikuwa imekwisha kuanzisha mpango uitwao INCITE, wa kugawa saa za kompyuta zake kwa wataalamu wenye maswali mazito. Mgao wa kwanza, uliotangazwa mwisho wa mwaka 2003, ulikuwa wa saa milioni 4.9 kwa kazi tatu tu: moja ya nyota zinazolipuka, moja ya mikondo yenye misukosuko, na moja ya namna majani ya mimea yanavyojikinga na jua linapozidi. Mtu asiyekuwa mfanyakazi wa serikali, hata wa nchi nyingine, aliruhusiwa kuomba. Mpango huo wadumu mpaka leo. Mashine mojawapo inayogawiwa kwa njia hiyo ni Frontier ya Oak Ridge, Tennessee, ambayo mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza katika orodha ile kuvuka hesabu trilioni milioni moja kwa sekunde.

Kwa upande wetu wa dunia, serikali ya Afrika Kusini ilianzisha kituo chake cha kompyuta kubwa mjini Cape Town mwaka 2007. Mashine waliyoiweka hapo mwaka 2016 waliipa jina Lengau, neno la Kitswana lenye maana ya duma.

Kanuni ya mipango hii yote, kwa maneno machache, ni hii: chombo ambacho hakuna mtu awezaye kukinunua peke yake kinunuliwe na umma, kigawiwe kwa ubora wa swali wala si kwa ukubwa wa mfuko, na maarifa yatakayopatikana yatangazwe.

UTABIRI WA 2006

Sasa turudi kwenye bahari yetu. Katika mashine ya Yokohama wataalamu waliweka mfumo wa hesabu uitwao SINTEX-F, uliotokana na ushirikiano wa Ulaya na Japani, unaounganisha bahari na hewa pamoja. Kwa kuwa hakuna aijuaye hali ya bahari ya leo kwa ukamilifu, walipiga hesabu ile ile mara 9, kila mara wakibadilisha kidogo mwanzo wake au namna bahari na hewa zinavyoshikana. Majibu 9 yakielekea upande mmoja, imani huzidi. Yakitawanyika, mtabiri mwenye busara husema kuwa hana hakika.

Katika mwaka 2006 mfumo huo ulionyesha miezi kadhaa mbele kwamba daipoli yaja. Ikaja. Vuli ya mwaka ule ilileta mafuriko Kenya, Somalia na Ethiopia. Baada ya mafuriko yakaja mbu, na baada ya mbu ikaja homa ya Bonde la Ufa, iliyoua mifugo na watu Kenya, Somalia na Tanzania katika miezi ya mwisho wa 2006 na mwanzo wa 2007. Mwaka 2007 mfumo ukaonyesha tena daipoli, nayo ikaja, ingawa ilikuwa ndogo kuliko ya mwaka uliotangulia. Yamagata na wenzake, Luo akiwa mbele yao, wakaandika khabari ya miaka hiyo miwili mwaka 2008.

Na mwaka 2019, kama tulivyosema mwanzo, mfumo wa namna hiyo hiyo uliiona daipoli kubwa kabla haijafika. Wakati huo mashine ya kwanza ilikwisha kustaafu. Earth Simulator ya pili iliwekwa mwaka 2009, ya tatu mwaka 2015, na ya nne ikafuata mwaka 2021. Serikali iliendelea kuupalilia mti ilioupanda. Utabiri wa JAMSTEC hutolewa kila mwezi, na ye yote apendaye aweza kuusoma bure.

Hatutaki mtu adhani kuwa huu ni ulozi. Daipoli yaweza kutabiriwa vizuri katika mwaka mmoja na kupotea machoni mwaka mwingine. Visanduku vya SINTEX-F ya mwanzo vilikuwa na upande wa zaidi ya kilomita 100 kwa upande wa hewa, ilhali kisiwa cha Pemba chote urefu wake ni kilomita 67 hivi. Pemba nzima ingeingia katika kisanduku kimoja, na nafasi ikabaki. Kwa hiyo mashine haikuambii kama mvua itanyesha Alkhamisi uani kwako. Yaweza kukuambia kwamba vuli ya mwaka huu ina mwelekeo wa kuwa nzito au nyepesi. Kwa mtu anayepanga uchumaji, huo si msaada mdogo.

“KUNA UBAYA GANI KUWA WA PILI?”

Bila shaka wako wanachama watakaouliza: fedha nyingi namna hii zatumiwa kwa mashine, na maskini je? Swali hili si baya, na Wajapani wenyewe walilijadili mbele ya watu. Mwezi Novemba 2009 kamati ya serikali ya kupunguza matumizi iliuangalia mradi wa kompyuta nyingine kubwa, iitwayo K, iliyokuwa ikijengwa Kobe. Mbunge Renhō akauliza kwa nini ni lazima wawe wa kwanza duniani, na kuna ubaya gani kuwa wa pili. Swali lake likaenea nchi nzima. Wataalamu wakakasirika, wananchi wakabishana, na mwishowe mradi ukaendelea. Mashine ya K ikashika nafasi ya kwanza duniani mwaka 2011, ikafanya kazi mpaka 2019, na badala yake ikawekwa Fugaku, ambayo nguvu yake ni zaidi ya mara 12,000 ya Earth Simulator ya kwanza.

Sisi twaona Renhō aliuliza swali lililo haki yake kuuliza, kwa kuwa fedha zilikuwa za umma. Na twaona jibu lake halimo katika orodha ya nani wa kwanza na nani wa pili. Jibu limo katika kazi iliyofanywa. Kompyuta inayoshinda mbio lakini haimfikii mtu ye yote ni pambo. Kompyuta ya kumi kwa nguvu, ikiwa imemwezesha mkulima kuezeka banda lake mwezi mmoja kabla ya mvua, imelipa deni lake.

Wajapani walilifahamu jambo hili. Kuanzia 2010 mpaka 2013 serikali yao ilishirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa kuuchukua utabiri wa kompyuta hizi na kuufikisha kwenye kilimo na maji ya kusini mwa Afrika. Kuanzia 2014 wakaendelea na mradi mwingine katika jimbo la Limpopo, wa kutumia utabiri wa hali ya hewa kutoa onyo la mapema juu ya malaria. Kazi ya pili haikuwa ya hesabu tu. Ilikuwa ya watu: muuguzi, mkulima, mtu wa maji, kila mmoja akiulizwa anahitaji kujua nini, na lini.

MNYORORO NA PETE YAKE YA MWISHO

Tukiutazama mpango huu wote toka mwanzo mpaka mwisho, twauona kama mnyororo. Pete ya kwanza iko baharini. Hesabu haziwezi kuanza bila ya vipimo, na kwa sababu hiyo mataifa kadhaa, Japani, India, Indonesia na Marekani yakiwemo, yaliweka maboya yenye vipimo katika Bahari ya Hindi kwa mpango uitwao RAMA. Upande wetu wa magharibi kazi hiyo ilizuiwa miaka mingi na maharamia wa baharini. Yaani mwizi wa meli alimpunguzia mkulima wa karafuu khabari za mvua yake, wala hawajuani.

Pete ya pili ni kompyuta. Pete ya tatu ni wataalamu wanaoyasoma majibu yake. Pete ya nne ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo kabla ya vuli kuanza hutoa mwelekeo wa mvua kwa mikoa inayopata misimu miwili, Unguja na Pemba zikiwemo. Na pete ya tano, ndugu zetu, ni sisi.

Tuseme kweli bila ya kuoneana haya. Katika vuli ya 2019 khabari ya kugeuka kwa bahari ilikuwapo duniani. Kwa wengi wetu haikutufikia. Kwa wengine ilifika katika redio wakati wa chakula cha usiku, na sisi tukaizima ili tusikie mpira. Serikali ya watu wengine ilikuwa imetumia mabilioni, mtaalamu amefariki kabla ya kuona mashine yake, mabaharia wamekwenda kufunga maboya katika bahari ya hatari, na mnyororo wote ukakatikia katika kitufe cha redio.

Kwa hiyo twatoa shauri letu kwa wanachama wote, wa mashamba makubwa na wa miti kumi.

Kwanza, mwelekeo wa vuli utolewapo, usomwe kwa sauti katika mkutano wa kila tawi, kabla ya kujadiliwa jambo jingine lo lote. Asomewe na asiyejua kusoma. Katibu aandike katika daftari mwelekeo uliosemwa, na mwisho wa msimu aandike mvua iliyonyesha, ili baada ya miaka michache tujue wenyewe utabiri huu ni wa kuaminiwa kiasi gani hapa kwetu.

Pili, kila tawi liwe na kipimo cha mvua kimoja kilichowekwa mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, na mtu mmoja wa kukisoma kila siku saa 3 asubuhi. Skuli zetu zaweza kusaidia, na watoto watapata somo. Mashine kubwa haioni ua wa mtu mmoja mmoja. Sisi tuliopo ndio tuwezao kuuandika.

Tatu, mwaka ambao mwelekeo ni wa mvua nyingi, tusichume kwa pupa. Achume mtu kiasi anachoweza kukianika na kukihifadhi, siyo kiasi ambacho wachumaji waweza kukiangusha. Majamvi yashonwe mapema, maturubai yaazimwe mapema, na wenye sakafu zilizoezekwa wakubaliane na majirani juu ya zamu kabla ya wingu kuonekana. Hapo twaweza kuiga kanuni ya Yokohama: chombo ni kimoja, wahitaji ni wengi, basi pawe na kamati, na zamu ipewe mwenye haja kubwa zaidi, asipewe mwenye sauti kubwa zaidi.

Nne, mwaka ambao mwelekeo ni wa mvua nyingi lakini jua likawaka, tusimtukane mtabiri. Mtu aliyeezeka banda lake na mvua isije hakupoteza. Banda bado analo.

Kisiwa chetu hakina kompyuta ya trilioni, na huenda kisiwe nayo karibuni. Lakini maarifa yaliyotoka katika mashine zile yametangazwa wazi, na bahari iliyopigiwa hesabu ni hii hii tunayoiona kutoka mashambani. Msimu wa vuli ukikaribia tutachapa tena katika jarida hili mwelekeo utakaotolewa, kwa maneno mepesi, pamoja na majina ya wasomaji wa vipimo wa kila tawi watakaojitolea. Atakaye kujitolea ampelekee jina lake katibu wa tawi lake kabla ya mkutano ujao.